Kope za Mama Mkwe

Jiwe lilikuwa dogo kama punje ya mtama, lakini Bisogo alilitema kiganjani na kulinyanyua juu ili wachuuzi wote wa ufukweni walione.

"Mama, mi nilikuomba ndagala," alisema. "Hii sasa, nipike na mafuta ao na chumvi?"

Wanawake waliokuwa wameanika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani waliangua kicheko. Bisogo alikuwa mfugaji wa milima ya Minembwe, aliyeshuka mjini Baraka na siagi yake, miguu imejaa vumbi la njia ndefu. Kwa kawaida watu wa ziwa ndio waliomcheka yeye kwa kuogopa mtumbwi. Leo zamu ilikuwa imegeuka, naye aliifurahia.

Pulchérie, aliyemuuzia, hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma ya fungu lake, pembe ya kitenge ameikandamiza kwenye jicho la kulia. La kushoto lilikuwa jeupe na limekufa tangu zamani.

"Pengine ni jino yako imevunjika," alijibu.

"Jino zangu zote ziko. Angalia."

"Mi haiko mutu wa kuangalia mu midomo ya bantu."

"Muache, baba," Georgette alidakia kutoka fungu la pili. Georgette alikuwa jirani yake wa miaka mingi, na ulimi wake haukujua kupumzika. "Haiko we wa kwanza. Ndagala za Pulchérie, unakula na huku unajenga nyumba."

Kicheko kilirudi kikubwa zaidi. Émilienne, mke wa Anatole, mtoto wa Pulchérie, alikuja haraka na bakuli, akamjazia Bisogo ndagala kutoka fungu lake mwenyewe. "Kamata hizi, muzee. Hizi nilizichagua mi." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma Pulchérie. Kuchagua ndagala, kuondoa mchanga na vijiwe na majani, ilikuwa kazi ya Pulchérie tangu Émilienne hajaolewa. Sasa mama huyo alichagua kwa kupapasa, na vidole havioni.

Bisogo alishika bakuli lakini hakuondoka. Alichuchumaa, akamtazama yule mama kwa makini, bila mzaha.

"Mama, nilikuwa na ng'ombe mumoja, machozi ilikuwa inamutoka hivyo hivyo. Kope zilikuwa zinaingia ndani."

"Sasa unamufananisha na ng'ombe?" Georgette alimaka.

"Ile ng'ombe ilikuwa muzuri sana," Bisogo alisema kwa heshima yote. "Mama, banasema ku dispensaire iko munganga mupya. Juu ya nini hauende?"

Kicheko kilikatika. Wanawake walitazamana. Émilienne aliinama kupanga samaki ambao walikuwa wamekwisha kupangwa.

"Ule munganga," Georgette alinong'ona kwa sauti ambayo hata mitumbwi iliisikia, "ni mukwe wake. Alioa Immaculée, binti yake."

"Aa," alisema Bisogo. Akasimama, akachukua bakuli lake na kwenda zake. Hata huko kwao juu, kwenye baridi na ng'ombe, mtu hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Mama mkwe na mkwe, katika ukoo wa Pulchérie, hawakutazamana usoni. Wakikutana njiani, mwanamume alitoka akasimama kwenye majani, mgongo umegeuzwa, mpaka mama apite. Hawakutajana majina. Hawakula mahali pamoja. Palipokuwa na jambo la kuambiana, waliliambia kitu cha tatu: mtoto, mbuzi, na kama hapakuwa na chochote chenye masikio, basi kinu. "Kinu, umuulize mume wa Immaculée kama watu wa kwao wameamka salama." Na mume wa Immaculée, akiwa nyuma ya nyumba, angekijibu kinu kwamba wameamka salama. Watu walisema anayeivunja heshima hiyo hushikwa na mtetemeko wa mikono mpaka uzeeni.

Na mkwe huyo, Placide, mwezi uliopita tu alikuwa ameletwa na serikali kuwa mganga wa dispensaire, zahanati ya Baraka. Alikuwa amevaa koti jeupe na kupewa sanduku la dawa. Alikuwa amesomea mwili wa binadamu kuanzia nywele hadi kucha. Shule ilimfundisha mambo mengi, lakini hakuna somo lililomwonyesha jinsi ya kumtazama mama mkwe.

*

Nyumbani kwa Anatole siku ilianza kwa kitambaa. Jua likichomoza, Pulchérie alikaa kizingitini na bakuli la maji ya vuguvugu. Wajukuu walijipanga mbele yake, bado wananuka usingizi. Alilowesha pembe ya kitenge chake, akampangusa wa kwanza tongo za macho, akampulizia usoni, akamtaja jina, akamwachia. Halafu wa pili, kwa pembe ile ile. Halafu wa tatu. Mwisho alijipangusa mwenyewe. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyemwamkia baba yake kabla ya kupanguswa na Tate, kama walivyomwita nyanya yao. Anatole mwenyewe alilelewa hivyo, na Immaculée pia.

Asubuhi iliyofuata mambo ya jiwe, Anatole alirudi kutoka ziwani na taa yake ya kuvulia begani, macho mekundu kama kawaida yake. Alikuta foleni ile imeisha, na mama yake ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka bakulini.

"Mama, tutaenda Fizi," alisema. "Kule iko munganga mwingine."

"Dawa ya macho banatia mara moja?"

"Banatia kila siku, banasema."

"Basi nihamie Fizi? Nilale wapi, mu mlima? Na batoto nani atabapangusa?"

"Mama, utabaki kipofu!" Anatole hakutaka kupaza sauti, lakini ilipaa yenyewe. "Jicho ile moja ikikufa, hauna ingine."

Hilo Pulchérie alilijua kuliko mtoto wake. Kila alipopepesa, ilikuwa kama mtu anamkwaruza kwa kijiti. Tangu masika Georgette alikuwa akimng'oa kope kwa kucha, vidole vimepakwa majivu ili zisiteleze, na kwa siku chache palikuwa na nafuu. Halafu kope zilirudi, ngumu kama ndevu za mwanamume aliyenyoa jana. Na mwanga ulikuwa unapungua. Alikuwa ameanza kuwatambua wajukuu kwa miguu yao.

Immaculée aliwakuta hapo. Alikuwa mwanamke wa haraka, mwenye mawazo mengi kuliko subira, na alikuja na mkeka mpya kwapani.

"Nimepata," alisema kabla ya kusalimu. "Tutafunga huu mukeka mu nyumba yangu. Mama atakaa huku na mi. Bwana yangu atakaa kule. Yeye atasema, mi nitafanya. Yeye ni mudomo, mi ni vidole."

"Na macho?" Pulchérie aliuliza. "Macho itakuwa nani?"

"Macho pia ni mi, mama."

Émilienne alifunika mdomo kwa mkono asicheke. Anatole alimtazama dada yake kama mtu anayeona mtumbwi wenye tundu unasukumwa majini. Lakini Pulchérie tayari alikuwa anatafuta kandambili zake kwa mguu.

*

Mkeka ulifungwa kwenye kamba katikati ya chumba, nyumbani kwa Immaculée, nyuma ya dispensaire. Upande mmoja, karibu na dirisha, Pulchérie aliketishwa kwenye kiti. Upande wa pili Placide alisimama na koti lake, anauangalia mkeka.

"Mwambie mama aangalie chini," alisema.

"Mama, anasema uangalie chini."

"Nimesikia, haiko kiziwi. Umwambie naangalia chini."

"Anaangalia chini."

"Sasa, mkamate kope za juu, taratibu. Weka kijiti cha kiberiti juu ya kifuniko cha jicho, halafu geuza kifuniko nje, kama unavyopindua ukosi wa shati."

Ukasikika mlio mdogo wa Pulchérie, halafu mkubwa wa Immaculée.

"Imegeuka! Yesu Maria, imegeuka!"

"Unaona nini?"

"Kwekundu."

"Kwekundu namna gani? Laini, ao kuna punje punje?"

"Kama... kama ulimi ya ng'ombe."

"Siku hizi kila mutu ananipa ng'ombe," Pulchérie alinung'unika.

"Na mistari myeupe, iko?"

"Iko. Kama kovu ya kisu."

Placide alishusha pumzi. "Ni vikope," alisema, na sauti yake ikabadilika, ikawa sauti ya mtu aliye nyumbani kwake. Aliueleza mkeka kila kitu. Vikope huanza utotoni, kwa macho mekundu na tongo ambazo watu huziona ni jambo la kila mtoto. Ndani ya kifuniko huota punje ndogo. Mtoto hupona, huugua tena, hupona, huugua tena, na kila mara kovu dogo hubaki. Miaka ikipita, makovu hukaza kifuniko kama ngozi ya ngoma inavyokazwa na moto, kifuniko kinajikunja, na kope zinageukia ndani. "Kutoka hapo, kila akipepesa, ni kama anapiga jicho burushi. Mwisho kioo cha jicho kinapata kidonda, kidonda kinakuwa kovu jeupe, na mwanga unafungwa."

"Umuulize ile ya kushoto," Pulchérie alisema. "Georgette anasema ni mtoto wa jicho, na banaikata."

"Weupe wake uko wapi?" Placide aliuliza. "Ndani kabisa, nyuma ya mboni, ao huku juu?"

Immaculée alisogea mpaka pua yake ikagusa ya mama yake. "Juu. Kama kioo yenye kukwaruzwa."

"Basi si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hukaa ndani, na daktari angeweza kumtoa kwa kisu chake. Hili ni kovu la ugonjwa ule ule." Alisita. "Hilo la kushoto limekwisha. La kulia linaweza kuokoka, tukizing'oa kope zote mpaka mzizi na kutia pomada kila siku. Daktari akipita kiangazi, atakigeuza kifuniko kwa upasuaji mdogo, na kope hazitarudi ndani. Lakini kiangazi ni mbali. Tusipozitoa vizuri, jicho halitamngoja daktari."

"Umwambie aksanti," Pulchérie alisema. "Alau amesema bila kunipaka asali."

Immaculée akapitishiwa kibanio cha chuma chini ya mkeka. Alikishika kama mtu aliyepewa nyoka. Alivuta kope ya kwanza, mama yake akaguna, na yeye akafumba macho. Tangu hapo alifanya kazi yote hivyo, akifumbua kulenga na kufumba kuvuta.

"Imetoka?" mume wake aliuliza kila mara.

"Imetoka," alijibu kila mara.

Walipomaliza, na pomada ya njano imekwisha kutiwa, Placide aliuliza jambo ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu mwanzo. "Mama anapangusa macho yake na nini?"

"Na kitenge chake."

"Ndicho anapangusia watoto?"

Immaculée alikishusha kibanio. Alikuwa amelikumbuka lile bakuli, na pumzi ya mama yake usoni.

"Ugonjwa huu unahama na kitambaa," Placide aliuambia mkeka, polepole. "Na vidole, na inzi. Kutoka jicho mpaka jicho."

Pulchérie alisimama, akakunja pembe ya kitenge ndani, akaifunga kiunoni isionekane. Akatoka bila kuuachia mkeka hata salamu.

*

Maneno ya mkekani yalifika nyumbani kabla ya jua kuzama. Kesho yake watoto walipojipanga kizingitini, Émilienne alitoka jikoni mbio.

"Tate, nipanguse," alisema Wabiwa, kitinda mimba, na kunyanyua uso wake wenye tongo.

Émilienne alimvuta mkono kwa nguvu kuliko alivyokusudia. Mtoto akalia. Bakuli likapinduka, maji yakaingia chini ya mkeka wa kizingiti.

"Nilimupangusa Anatole na mikono hii," Pulchérie alisema. Hakupaza sauti. "Alikufa?"

"Hakukufa, mama." Émilienne aliona aibu, lakini alikuwa na mtoto mwenye macho mekundu mkononi, na mama wa mtoto hana mahali pa kurudi nyuma. "Lakini umuangalie macho yake."

Anatole, aliyekuwa anatungua nyavu, alijipangusa uso kwa kiganja. Macho yake yalikuwa mekundu tangu ujana. Siku zote walisema ni taa ya kuvulia, ni upepo wa ziwa, ni moshi. Pulchérie alibaki kizingitini na mikono mitupu juu ya magoti, na watoto walizunguka kwa nyuma kumwamkia baba yao bila kupanguswa, kwa mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe.

Sasa hakuwa na ndagala za kuchagua, kwani kazi hiyo Émilienne alikuwa ameichukua, na hakuwa na nyuso za kupangusa. Alikwenda kwa Immaculée kila siku kwa sababu Anatole alimpeleka. Alikaa upande wake wa mkeka, akageuzwa kifuniko, akatiwa pomada, na akarudi. Macho ya watoto, ambao nao walitiwa pomada, yalianza kukauka na kung'aa. Lake halikukauka. Lilizidi kuwa jekundu, na yeye hakulalamika, akaona labda ndiyo haki yake.

Halafu asubuhi moja jicho halikufumbuka kabisa.

*

Anatole alimwongoza kwa mkono mpaka dispensaire, na njiani watu waliwapisha kama wanavyopisha jeneza. Mkeka ulikuwa umefungwa. Immaculée alijaribu kufumbua kifuniko kwa vidole, na Pulchérie, ambaye alikuwa amezaa bila kupiga kelele, alipiga kelele.

"Mwanga unamchoma?" Placide aliuliza upande wa pili. "Anahisi kama mchanga, ao kama moto?"

"Moto," Pulchérie mwenyewe alisema.

"Kope zilitoka zote, Immaculée?"

"Nilikuambia zilitoka."

"Zingekuwa zilitoka, jicho lingepoa. Zilitoka na mzizi, ao zilikatika? Uliona mzizi?"

Immaculée alikigeuzageuza kibanio mkononi.

"Immaculée. Ulifumba macho?"

"Ni mama yangu!" Immaculée alilipuka, na machozi yakamtoka na yeye. "We ungevuta kope za mama yako, na yeye analia mbele yako?"

"Ningevuta!"

"Basi pita huku uvute!"

"Unajua siwezi!"

"Nami siwezi!"

"Vipande vilivyokatika ni vikali kuliko kope nzima! Vinamchoma jicho kila akipepesa, kila siku, na mimi nimekaa hapa naambiwa imetoka, imetoka..."

"Basi ungeleta macho yako, we mwenye diploma!"

Anatole, mlangoni, alikuwa anaangalia kofia yake. Pulchérie aliwasikiliza wote wawili. Upande huu alikaa mtu mwenye macho mazima aliyeyafumba kwa huruma. Upande ule alisimama mwingine mwenye macho mazima aliyeyaficha kwa heshima. Na katikati yao yeye, mwenye jicho moja, linaungua.

Alisimama. Alinyoosha mkono mpaka ukagusa mkeka, akaufuata mkeka mpaka kwenye kamba, akaifuata kamba mpaka kwenye fundo. Alikuwa mwanamke wa nyavu. Mafundo aliyajua kwa vidole tangu utoto. Mkeka ulianguka chini kwa mshindo.

"Placide," alisema.

Immaculée alishika kinywa. Tangu aolewe hakuwahi kusikia jina hilo katika mdomo wa mama yake. Placide alikuwa amekwisha kugeukia ukuta, paji la uso karibu na udongo, koti limemkaa vibaya mabegani.

"Geuka."

"Mama, mi siwezi. Ni heshima yako."

"Ndiyo. Ni yangu. Haiko ya wazee, haiko ya kinu. Ulinipa mi tangu siku ulioa mutoto wangu, na haukunikosea hata siku moja. Leo nakuazima. Tukimaliza utanirudishia, yote, isipungue. Sasa geuka, kabla hili jicho halijakufa kwa adabu."

Placide aligeuka.

Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko sabuni ilivyohitaji. Alileta kiti kingine, akakaa mbele yake, magoti yao karibu yaguse. Aliposhika kifuniko cha jicho mikono yake ilitetemeka, kama vile watu walivyosema ingetetemeka, na Anatole aliyeona hivyo akaangalia nje. Placide aliiondoa, akaikunja ngumi, akaikunjua, akaanza tena. Safari hii haikutetemeka. Alidondosha dawa ya kufisha maumivu, akangoja, akashika lenzi. Aliviona vipande vyote, vifupi, vyeusi, vimesimama kama mabua baada ya mavuno. Aliving'oa kimoja kimoja, akimwonyesha Immaculée kila kimoja kwenye pamba nyeupe, pamoja na mzizi wake mdogo kama kichwa cha siafu. Immaculée alitazama vyote. Hakufumba.

"Kuna kidonda," Placide alisema mwishoni. "Pembeni. Hakijafika kwenye mboni."

"Maana yake nini?"

"Maana yake tumewahi, mama."

Pulchérie alipepesa. Alipepesa tena, kwa woga, akingoja kijiti kile kimkwaruze, na hakikumkwaruza. Akafumbua. Mbele yake, karibu sana, kupitia machozi, palikuwa na uso wa mwanamume. Aliutazama kwa raha zake zote: paji la uso, nyusi, kovu dogo kidevuni, jasho. Binti yake alikuwa amezaa na uso huu, na yeye hakuwahi kuujua ila kisogo chake.

"Immaculée," alisema, "ulinidanganya. Ulisema iko na sura ya malaika."

"Mama!"

"Mi naona pua tu."

Placide alicheka. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka lenzi ikamdondoka magotini. Na Anatole pale mlangoni akacheka, na Immaculée akacheka huku anapenga kamasi. Pulchérie alingoja wamalize.

"Na ile ya kitambala," alisema. "Sasa uniambie uso kwa uso. Mi ndiye nilibatia batoto ugonjwa?"

Placide angeweza kukimbilia maneno ya Kifaransa. Hakukimbia. "Kitambaa kiliubeba, mama. We haukujua, na hapa Baraka hakuna aliyejua. Hata mimi nilipanguswa hivyo na mama yangu. Lakini mikono yako haina kosa, ni kitambaa. Macho hayataki kitambaa, yanataka maji ya kumwagwa, kila mtoto ajinawie na mikono yake."

"Maji ya kumwagwa," Pulchérie alirudia. Aliwaza kidogo. "Na nani atamwaga?"

Swali lilikuwa limekwisha kujijibu. Placide alimtia pomada, akamfunga jicho kwa bandeji safi, akasimama.

"Mufunge mukeka," alisema Pulchérie. "Na umuambie mume wa Immaculée nimeshukuru."

*

Daktari alipita kiangazi na gari lake. Alimlaza Pulchérie kwenye meza ya dispensaire, akamgeuza kifuniko cha jicho kwa kisu na uzi, na akashangaa kuona kioo kimebaki safi hivyo. Hakuambiwa habari za mkeka. La kushoto lilibaki jeupe, na Pulchérie hakulilia tena.

Kizingitini kwa Anatole watoto walijipanga kama zamani. Tate alikaa na kibuyu chenye tundu dogo chini, na maji yalichuruzika juu ya mikono ya kila mmoja, naye akanawa uso, akapuliziwa, akatajwa jina. Wabiwa alipenda kurudi nyuma ya foleni apite tena. Anatole mwenyewe, akitoka ziwani, aliinama akanawa mwishoni, mtu mzima na ndevu zake, na mama yake akamtaja jina kama wengine. Georgette alileta wajukuu wake pia, akisema anawaleta tu kwa sababu maji ya pale ni ya moto.

Ufukweni, Bisogo alipokuja na siagi, alikuta mama yule amerudi kwenye fungu lake, vidole vinatembea haraka, vijiwe vinaruka pembeni. Aliweka ndagala moja mdomoni, akaitafuna kwa upande mmoja, taratibu, kama mtu anayekanyaga matope.

"Uma na nguvu," Pulchérie alimwambia. "Usiogope."

Akauma. Akatafuna. Akaongeza nyingine bila kuombwa, na Georgette akamwambia asile faida ya watu.

Jioni ile Pulchérie alirudi nyumbani peke yake, kitunga kitupu kichwani, hakuna wa kumshika mkono. Kwenye njia inayotoka dispensaire alimwona mwanamume mwenye koti jeupe anakuja, na mwanamume akamwona. Placide alitoka njiani mara moja, akaingia kwenye majani marefu, akageuza mgongo, akainamisha kichwa. Heshima ilikuwa imerudishwa yote, haikupungua.

Pulchérie alipita polepole, kama inavyompasa mama mkwe, bila kumtazama usoni. Alipofika hatua chache mbele, alisimama, akashusha kitunga, akakishika mbele yake kwa mikono miwili.

"Kitunga," alikiambia kwa sauti, "umuambie mume wa Immaculée koti yake imefumuka ku bega la kuume, na uzi mweupe unaning'inia. Umuulize kama mutoto wangu hana sindano."

Na kutoka kwenye majani, mgongo bado umegeuzwa, sauti ilikijibu kitunga kwamba itafikisha.